Nyasi Zangu na za Mwanyumba

Jumamosi, 3 Mei

Harusi imetangazwa! Binti yangu anaolewa tarehe 14 Juni, na wakwe wamekubali sherehe ifanyike upande wetu. Furaha kubwa. Imedumu mpaka chai ilipomiminwa. Hapo mke wangu na dada yake wakatazamana, kisha wakasema bado hawajaamua ni bustani ipi. Bustani ipi! Kwani baba wa bibi harusi ni nani hapa?

Nieleze, maana hata shajara ina haki ya kujua dhuluma inakotoka. Nyumba yetu na nyumba ya shemeji zimetenganishwa na uzio wa waya. Katikati kuna kijilango ambacho hao dada wawili wanakipita kutwa nzima. Mume wa shemeji ni mwanyumba wangu, tumeoa mtu na dada yake. Ni kinyozi. Mtu wa kucheka ovyo. Binti yangu humwita baba mkubwa kwa kuwa mkewe ndiye dada mkubwa, ingawa mimi nimemzidi umri, kimo na madaraka. Mkubwa wa nini?

Uamuzi wao ni huu: tarehe 31 Mei watazikagua bustani zote mbili, na yenye nyasi nzuri ndiyo itakayopangwa viti. Binti naye amekubali, akacheka. Mimi sikucheka. Nyasi hizi nilizipanda mwaka aliozaliwa, kipande kwa kipande cha ukoka, kwa mikono yangu hii. Hapo ndipo alipojifunza kutembea. Nataka aondoke akitokea hapo, si penginepo. Nimesema.

Jumanne, 6 Mei

Baada ya kazi nimepita duka la pembejeo. Mimi ni mkaguzi wa mizani. Wauza nyama, wauza sukari, wauza misumari, wote hunyamaza nikiingia. Mama wa duka la pembejeo hakunyamaza. Alinieleza mbolea za asili kana kwamba nimekuja kujiandikisha darasani. Ati samadi iliyooza vizuri na mboji hulisha udongo taratibu. Ati mashudu nayo ni mazuri. Ati unga wa mifupa ni wa mizizi. Ati vijidudu vya udongoni hula kwanza, ndipo nyasi zipate chao, kwa hiyo mtu asiwe na haraka.

Nikamwambia vijidudu vyangu vina harusi. Akaniuliza udongo wangu ukoje. Ukoje! Ni udongo. Uko chini.

Nikaomba mbolea iliyo kali kuliko zote. Akasema ukali si sifa ya mbolea. Basi nikaikagua mizani yake papo hapo. Ilikuwa sawa kabisa, hata punje haikupotea. Jambo hilo limeniudhi zaidi.

Nimenunua unga wa mifupa. Mfuko unasema konzi moja kwa kila eneo la kusimama mtu. Nimeweka konzi mbili. Anayeandika mifuko hana binti anayeolewa.

Alhamisi, 8 Mei

Mbwa!

Mbwa wa mtaa mzima. Wa fundi viatu, wa mama anayeshona, na wengine ambao sijui hata wametokea wapi. Wamenusa mifupa, wakaingia, wakachimba. Nimerudi kazini nikakuta bustani imejaa mashimo. Mbwa mmoja alikuwa amelala ndani ya shimo lake, ametulia kama mpangaji aliyelipa mwaka mzima.

Mwanyumba alikuwa uzioni anatazama. Akaniuliza kama natafuta maji. Kisha akacheka mpaka akajishika kiuno. Naamini yeye ndiye aliyewaita. Sina ushahidi, lakini mtu asiye na hatia hachekeshwi hivyo na mbwa.

Mke wangu ameniambia nifukie mashimo kabla mtu hajavunjika mguu. Nimefukia. Sijazungumza na mtu jioni nzima. Hakuna aliyegundua.

Jumapili, 11 Mei

Leo nimekwenda kwa mfuga kuku, yule mwenye banda refu karibu na karakana. Nampimia mizani yake ya mayai kila mwaka, kwa hiyo ananiheshimu. Amenipa magunia mawili ya mbolea ya kuku, mbichi, imetoka bandani asubuhi. Harufu yake inafungua pua zilizoziba tangu utotoni.

Akanionya. Mbichi inaunguza nyasi kama moto. Niifunike kwa majani makavu, niigeuzegeuze, na nisiiguse bustani nayo mpaka harufu iishe na nikitia mkono ndani nisisikie joto. Wiki nyingi, amesema. Nikamshukuru. Nikiwa njiani kurudi, gunia moja huku na moja huku kwenye baiskeli, nikapata wazo. Wazo safi! Nilisimama kando ya barabara nikacheka peke yangu.

Nimempelekea mwanyumba gunia moja. Zawadi. Nimemwambia aimwage leo leo, ikiwa mbichi, aitandaze nene, tena asimwagilie maji. Nikamwambia hiyo ndiyo siri ya viwanja vya mpira vya kimataifa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Akasema hajawahi kupewa zawadi nzito hivi. Macho yake yalikuwa yamelowa. Labda ni harufu.

Nilisikia kitu kidogo kikinichoma kifuani. Nimekunywa maji, kimepita.

Jumatano, 14 Mei

Siamini macho yangu.

Nimemuuliza mwanyumba habari za mbolea. Akatazama pembeni, akajikuna kidevu, akasema ameshaimwaga yote kama nilivyomwelekeza na nyasi zinacheza. Nikachungulia. Kweli! Kijani kimeshiba, nene, hata sauti ya mtu akitembea juu yake haisikiki. Siku tatu tu!

Kumbe mfuga kuku ni mwongo! Anawatisha watu ili mbolea yote ibaki kwake. Na mimi, mtumishi wa umma, mtu wa kipimo, nilikuwa nimelifunika gunia langu kwa majani makavu kama mjinga huku kinyozi akineemeka kwa siri yangu mwenyewe! Nimelifunua mara moja.

Nimemwaga gunia zima. Nilitumia kopo langu la kupimia la ofisini, lile lenye muhuri, kwa hiyo hakuna anayeweza kuniambia sikupima. Kopo moja, kisha moja la harusi. Nilipofika uzioni nilisimama kumweleza mwanyumba jinsi wakwe wanavyopokewa na watu wanaojiheshimu. Nilizungumza kwa muda. Yeye alikuwa akiniangalia mkono badala ya uso. Nilipotazama, kumbe kopo lilikuwa limeinama muda wote na gunia nalo limeegemea mguu wangu linajimwagia lenyewe. Si kitu. Penye nyingi patakuwa pazuri zaidi.

Sikumwagilia maji. Kanuni ni kanuni.

Jumatatu, 19 Mei

Zimeungua.

Naandika neno hilo tena ili mkono ulizoee. Zimeungua. Zilianza manjano Ijumaa. Nikamwambia mke wangu ni rangi ya kuchangamka. Jumamosi zikawa kahawia. Leo bustani nzima ina rangi ya ukoko wa sufuria, na nikizigusa zinavunjika. Mashuka yaliyoanikwa yanabidi kufuliwa upya. Mama anayeshona amefunga madirisha ya upande wetu, tena kwa kishindo, ili nisikie.

Pale uzioni niliposimama ndipo pabaya kuliko kote. Pamekuwa peusi. Ila katikati ya weusi huo kuna alama mbili za kijani kibichi, ndefu, zimeelekea kwa mwanyumba. Nilidhani ni muujiza. Nikasogea. Ni viatu vyangu. Pale nilipokanyaga, mbolea haikuingia, na nyasi zimebaki nzima kabisa, saizi yangu, hata kisigino kinaonekana.

Mke wangu amezitazama alama hizo kwa muda mrefu. Kisha amesema sasa angalau tunajua mhalifu anavaa namba ngapi. Mwanamke niliyemwoa mwenyewe, kwa hiari yangu!

Na bustani ya kinyozi bado kijani. Mbolea ileile, kutoka banda lilelile, tena siku ileile! Hapa kuna njama.

Ijumaa, 23 Mei

Nimemwagilia maji kwa siku nne mfululizo, asubuhi na jioni. Mke wangu amefunga bomba na kuondoka na koki mkobani. Ana koki ya bomba mkobani! Mtu anaishi na mtu miaka yote hii na hamjui.

Jumamosi, 31 Mei

Ukaguzi umefanyika. Mimi nakagua watu tangu ujana, leo ndiyo nimejua inavyouma.

Shemeji alipita kwetu kwanza. Aliinua sketi kidogo akapita haraka, na alipofika kwenye alama za viatu alisimama, akamtazama mumewe, na yule mume akageuka upande akijikohoza. Kisha wote wakapita kijilangoni kwenda upande wa pili. Nami nikafuata, maana nikibaki ningeonekana nimekasirika. Nilikuwa nimekasirika.

Uamuzi: viti, meza na jukwaa la maharusi vitakaa kwa dada. Kwangu patakuwa maegesho ya magari. Maegesho! Ati ardhi imeshakauka vizuri, magari hayatakwama. Mke wangu alisema hivyo akidhani ananifariji.

Binti yangu akanishika mkono, akasema ni nyumba moja tu, uzio ndio umepita katikati. Nikamjibu sawa, mwanangu. Nikaingia stoo ambako huweka mizani mibovu, nikafunga mlango. Nimelia. Basi.

Alhamisi, 12 Juni

Nimetukanwa leo kuliko siku zote za maisha yangu, na aliyenitukana alikuwa anatabasamu.

Nilikwenda kunyolewa kwa ajili ya Jumamosi. Vinyozi ni wengi, lakini nikienda kwa mwingine itakuwa vita ya wanawake. Nikakaa. Mwanyumba akaanza upande wa kulia, taratibu, anaimba. Alipomaliza upande huo akasimama, akafagia nywele zilizoanguka, akazitia kwenye gunia. Nikamuuliza anazipeleka wapi. Kwa mdomo tu, niliuliza, mazungumzo ya kawaida.

Akasema nyumbani. Nyuma ya jiko ana lundo la mboji, ana miaka nalo. Anatia maganda ya jikoni, majani makavu, na nywele zote za dukani, kwa sababu nywele huoza polepole na nyasi huzipenda. Likiiva analichekecha, analitandaza jembamba juu ya bustani. Nyasi akizikata haziokoti, anaziacha zianguke zirudi udongoni. Hiyo tu. Hakuna jingine analofanya.

Nikamuuliza, na mbolea yangu ya kuku je? Ile siri ya viwanja vya kimataifa?

Akazima mashine. Akatazama pembeni, akajikuna kidevu. Akasema mwanyumba, naomba usikasirike. Siku ile mgongo ulikuwa unamuuma, hakuweza kutandaza. Akalimwaga gunia lote lundoni, akalifunika kwa majani, mpaka leo limo humo linaiva. Aliona haya kuniambia, kwa jinsi nilivyojinyima nikampa zawadi. Ndiyo maana akasema ameimwaga na nyasi zinacheza. Hakutaka kunivunja moyo.

Hakutaka kunivunja moyo! Mtu mzima, mwenye mke na duka, ananitazama usoni ananidanganya mchana kweupe! Mimi nilimwamini! Nimeichoma bustani ya binti yangu kwa neno lake! Kama watu hawawezi kutegemea ukweli baina ya wanyumba, dunia hii inakwenda wapi?

Halafu likanijia la pili. Nywele. Miaka yote hii nanyolewa pale. Kijani kile nilichokuwa nakitamani uzioni, kile kilichoninyima usingizi, kimelishwa kichwa changu! Na nililipia!

Nikasimama, nikavua kitambaa, nikamtupia. Nikamwambia hatapata hata unywele mmoja zaidi kutoka kwangu. Nikatoka nikiwa nimeinua kichwa.

Ni vizuri sana kuinua kichwa, ila uwe umenyolewa pande zote mbili. Nimejua nilipofika sokoni, wauza nyanya walipoanza kuitana. Kulia peupe. Kushoto kichaka. Nimefika nyumbani nimejifunika kwa gazeti.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeamka nikavaa kofia. Mke wangu akaivua. Nikavaa nyingine, nayo akaivua. Akasema hataki picha za harusi zenye kofia hiyo, na hataki picha zenye kichwa hicho, kwa hiyo nichague moja la kufanya, nalo si kuvaa kofia.

Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza, nimevaa suti, nimejifunga taulo kichwani, magari ya wageni yakiingia kwenye nyasi zangu moja moja. Kijilango kikalia. Mwanyumba huyo, na kigoda, na mkasi na kitana. Hakucheka. Akaweka kigoda katikati ya magari, juu ya nyasi zilizoungua, akaniashiria. Nikakaa kwa sababu nilikuwa nimechoka kusimama. Akaninyoa upande wa kushoto. Alipomaliza nikamngoja afagie. Hakufagia. Akasema hizi tuziache hapa hapa, ni zako.

Nikajipangusa shingo kwa lile taulo, nikasimama.

Binti akatoka. Mungu wangu. Sikujua kwamba ni mzuri hivi, au nilijua nikasahau. Mpangaji wa sherehe alitaka azunguke barabarani ili gauni lisichafuke. Yeye akakataa. Akasema atapita kwao. Akanishika mkono, tukashuka ngazi, tukapita katikati ya magari, nyasi kavu zikivunjika chini ya viatu vyetu na vumbi likipanda kwenye pindo jeupe.

Karibu na kijilango akasimama. Akaziona zile alama mbili za kijani. Akainua gauni, akaweka viatu vyake vidogo ndani ya vyangu, akaniuliza kama ni hapa ndipo alipojifunza kutembea. Nikamwambia kidogo kushoto. Nilikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa nimeandika hata karatasi, lakini ilibaki mfukoni. Mpiga picha akatupiga hapo hapo, tukiwa tumesimama kwenye weusi. Ndiyo picha aliyosema ataiweka sebuleni kwake.

Kisha tukapita kijilangoni. Nyasi za mwanyumba zilikuwa nzuri. Naandika hili mara moja tu.

Jumapili, 13 Julai

Nyumba kimya. Binti alikuja jana na mumewe, wakala, wakaondoka. Mdogo wake wa kike amerudi kutoka chuoni kwa likizo, na kila baada ya sentensi mbili anamtaja kijana fulani anayesoma naye. Namsikiliza. Natazama bustani.

Leo nimegundua jambo kubwa! Pale kigoda kiliposimama siku ile, pameanza kuchipua. Vichipukizi vya kweli, vya ukoka, vimejaa kama kiganja! Mke wangu anasema ni mvua za wiki iliyopita na kwamba kote kunachipua, hata chini ya uzio, kwa sababu nimeacha kuzisumbua. Anasema nitazame vizuri. Nimetazama. Kote kunachipua, ni kweli, lakini pale kunachipua kwa heshima.

Ni nywele. Nywele zangu! Kosa langu lilikuwa moja tu tangu mwanzo: niliweka kidogo.

Nimezunguka kwa vinyozi wote wa mjini na gunia. Wameona kitambulisho changu wakadhani nimekuja kukagua, wakanipa bila maswali. Gunia limejaa mpaka halifungiki. Mfuga kuku naye amenipa mbolea mbichi tena. Alianza maonyo yake, nikamkatiza. Safari hii naichanganya na nywele, na nywele zitaipoza. Kesho asubuhi natandaza, nene, makopo matatu kila mahali. La tatu ni la huyo kijana wa chuoni.

Limebaki lundo la mwanyumba. Nimemwita uzioni, nikamwambia kwa upole kama ndugu kwamba wataalamu wamegundua nywele zinaua nyasi polepole, kuanzia chini, na dalili hazionekani mpaka mtu amechelewa. Nikamshauri aache leo leo, na magunia yote ya dukani aniletee mimi nimsaidie kuyatupa. Akatazama pembeni, akajikuna kidevu. Akasema ahsante sana, mwanyumba, ushauri mzuri, hatatia tena hata unywele mmoja.

Maskini. Ameniamini neno kwa neno.